Benchi la Kuinuka Pamoja

Kati ya karakana yangu ya useremala na chumba cha dada yangu kuna ukuta wa mbao, na mbao hizo nilizipigilia mwenyewe, kwa hiyo simlaumu mtu kwa ninayoyasikia. Kila asubuhi, kabla randa yangu haijapata moto, nasikia watoto wawili wananyang'anyana kitu. Mmoja analia, mwingine analia zaidi ili asishindwe. Halafu inapanda sauti ya dada yangu, kama ya mtu aliyemwona mgeni wa siku nyingi: "Kesi! Jamani, kesi imekuja!" Na makofi juu.

Mwanamke mwingine angenuna au angechukua fimbo. Dada yangu anafurahi, tena anafurahi kwelikweli, mikono inamwasha. Ukimwambia kuna kituo ambako watoto hukaa siku nzima bila kugombana, anatikisa kichwa kana kwamba umemletea habari ya msiba. "Maskini," anasema. "Sasa watajifunzia wapi kupatana?"

Jina lake la kuzaliwa silisikii tena. Watoto wangu walimwita Shangazi kwa sababu ndiye shangazi yao. Wenzao wakadaka, mama zao wakafuata, na leo mtaa mzima, kuanzia muuza mkaa hadi mwalimu mkuu wa shule iliyo ng'ambo ya barabara, ambaye ana mvi kutuzidi sote, wanamwita Shangazi. Mimi niliyezaliwa naye tumbo moja nilijikuta siku moja nikimwita Shangazi mbele za watu. Alicheka hadi akakaa chini.

Zamani alishona vifungo katika kiwanda cha mashati. Shati lilimjia halina vifungo, likaondoka linavyo, na hakujua ni nani atakayelivaa. Kiwanda kilipofungwa, jirani mmoja akamwomba amshikie mtoto asubuhi moja tu. Asubuhi hiyo haijaisha mpaka leo. Wakaja wawili, wakaja watano, sebule ikajaa, akahamishia kitanda chake stoo. Aproni ya kiwandani bado anaivaa, ile yenye mifuko mingi: huu una kitambaa cha kufutia pua, huu chaki, huu sindano na vifungo, maana hawezi kuona shati la mtoto limepungukiwa kifungo akanyamaza. Hawezi kunyamaza kwa lolote, kusema kweli.

Sasa nije kwenye benchi, maana najua mtaani wanavyosema. Wanasema nilikosea. Mbao ilikuwa mbichi. Nimesema mara nyingi na nasema tena, na atakayenikumbusha kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua, asije kwangu kutengenezewa mlango. Shangazi aliagiza benchi la watoto. Nikalichonga, nikalipiga msasa mpaka likateleza, nikampelekea. Miguu, kwa sababu za mbao, ilikuwa imekaa karibu na katikati kuliko inavyotakiwa. Wakikaa watoto wawili, mmoja huku na mwingine kule, benchi linatulia vizuri. Akiinuka mmoja bila kumwambia mwenzake, upande wake unaruka juu na mwenzake anakwenda chini, makalio sakafuni.

Siku ya kwanza walikaa wasichana wawili walionuniana. Mmoja akaondoka kwa hasira, na nyuma yake akasikia puu! Akageuka, akaona alichokifanya, akarudi mwenyewe kumwinua mwenzake bila kuambiwa na mtu. Nilipokuja na msumeno kurekebisha ile miguu, Shangazi alinisimamia mlangoni, mikono ameitanua.

"Kaka, ukiligusa benchi hili tutagombana. Na tukigombana, utalikalia."

Ndivyo ilivyozaliwa sheria ya benchi. Waliogombana wanakaa, kila mmoja upande wake. Hakuna kusema lako. Unasema la mwenzako, tena kwa kinywa chake: "Mimi ni fulani, nilikuwa nafanya hivi, nikaumia kwa sababu hii." Mwenzako akiona umempata, anasema, "Ndivyo." Ukimkosa, anasema, "Sivyo," nawe unaanza upya. Kila mmoja akishapata ndivyo yake, wanahesabu pamoja, moja, mbili, tatu, wanainuka kwa mpigo. Akiwahi mmoja, mwingine yuko chini, na kesi inarudi mwanzo.

Kuna kitundu katika ukuta wetu, pale jicho la ubao lilipodondoka. Sisemi kwamba nachungulia. Nasema kitundu kipo. Na kupitia kitundu hicho nimeona mambo. Mtoto wa miaka minne hana habari kabisa. Mwambie aseme la mwenzake, atasema lake lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Miezi inapita, unakata tamaa, unasema huyu atakuwa mbinafsi wa kufa na kuzikwa. Halafu siku moja, hujui imetoka wapi, kitoto kinanyamaza katikati ya kilio, kinamtazama usoni mwenzake, yule tunayemwita Kijiko, kinasema, "Mimi ni Kijiko. Nilitaka kushika mpira kwa sababu jana sikuushika hata kidogo." Siku hiyo Shangazi anaupiga ukuta wangu kwa ngumi: "Kaka! Umesikia? Amevuka!" Nami, msumeno mkononi, naruka kama timu yangu imefunga bao.

Basi katika chumba hicho alikuwemo mjukuu wangu. Namwita Mchwa, kwa sababu tangu alipoanza kutambaa anaishi katika vumbi la mbao chini ya meza yangu ya kazi. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi mji mwingine na huja mwisho wa mwezi. Ndani ya karakana Mchwa anapiga domo tangu jua lichomoze. Anaongea na paka, anaongea na nyundo, ananiuliza kwa nini misumari ina vichwa na haina macho. Lakini akivuka kizingiti, mdomo unafungwa. Si ukaidi, wala si adabu. Watu wanamwuliza hali, anawatazama, midomo inatetemeka kidogo, hakitoki kitu. Majirani wananiambia kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimeungoja mshindo huo mpaka nimechoka.

Mwaka jana nilimpeleka kwenye usaili wa darasa la kwanza. Mwalimu mkuu ni pande la mtu lenye sauti ya taratibu. Akamwuliza jina. Kimya. Akamwuliza anapenda mchezo gani. Kimya. Akaweka kalamu chini, akaanza kuongea nami juu ya kichwa cha mtoto.

"Fundi, nisikilize. Darasa lina watoto wengi na mwalimu mmoja. Nikimchukua asiyejibu, wenzake watamcheka, na mimi nitakuwa ofisini, sitakuwepo kumtetea. Mwache akue kidogo."

Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepata pa kumshika. Nikamshika mtoto mkono, tukarudi nyumbani, na tulipovuka tu kizingiti akaniuliza kwa nini kiatu cha mwalimu kinalia kama panya.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Binti yangu alinipigia simu. "Baba, wakimkataa tena nampeleka shule ya bweni, ile ya watoto wasiosikia na wasiosema. Nimeshaulizia nafasi."

"Lakini anasema!"

"Kwako, baba. Kwako tu."

Nikakata simu, nikaenda kupiga misumari mahali pasipohitaji misumari. Bweni! Mtoto huyu, katikati ya watoto wasiosikia, wenye lugha yao ya mikono ambayo yeye haijui, na sauti yake imefungiwa ndani kama nguo mpya. Nilikuwa na hofu, sifichi.

Ndipo ikaja kesi yake na Jenereta. Jenereta ni mtoto wa muuguzi wa jirani, na jina linajieleza: akiwashwa asubuhi hazimiki. Siku hiyo Mchwa alikuwa amejenga nyumba kwa vipande vya mbao ninavyompa. Jenereta akaja, akaweka ubao juu ya paa, nyumba yote ikaporomoka. Mchwa akafanya kazi ya mchwa: akamng'ata mkono. Kilio kilichopigwa, nilidhani gari limemgonga mtu.

"Kesi!" Shangazi huyo, makofi, aproni inapepea. Nami nikajikuta karibu na kitundu.

Wakaketi. Jenereta akaanza mbio mbio. "Mimi ni Mchwa. Nina hasira. Nimeng'ata. Naomba msamaha."

Watoto wakacheka. Mchwa akatikisa kichwa: sivyo.

"Mimi ni Mchwa. Nilijenga nyumba. Ikavunjwa na... na mtu."

Sivyo.

"Mtazame," akasema Shangazi. "Usiutazame mkono wako. Mtazame yeye."

Jenereta akamtazama. Sijawahi kumwona yule mtoto ametulia kiasi kile. "Mimi ni Mchwa," akasema polepole. "Nilijenga nyumba, na mlango wake ulikuwa unafunguka kweli. Nilikuwa nangoja watu wauone. Ikaanguka, na hakuna aliyeuona."

Mchwa akainamisha kichwa: ndivyo.

Zamu yake ikafika. Aseme la Jenereta. Jicho langu likaanza kutoa machozi kwa kubanwa ukutani, na nilikuwa tayari kupiga kelele, "Mwacheni mtoto wangu!" Shangazi hakumwangalia hata mara moja. Alitoa sindano, akavuta shati la mtoto aliyekuwa karibu, akaanza kushona kifungo.

"Shangazi," akasema Jenereta. "Mkojo."

"Ukiinuka, mwenzako anaanguka."

"Najua!"

Akabana miguu. Akapinda huku, akapinda kule, uso umekunjamana, na hakuinuka. Mchwa aliona. Nadhani ndicho kilichomtoa, kumwona mtu anateseka ili yeye asianguke. Akajaza mashavu hewa, na pale pale alikuwa Jenereta, mzima mzima! Vidole vyake viwili vikatembea juu ya benchi, vikazunguka, vikasimama kuchungulia. Mkono ukanyooka kuomba. Hakuna aliyegeuka. Vidole vikaondoka kichwa chini, vikarudi na ubao, vikauweka juu ya paa taratibu, taratibu sana, kwa unyenyekevu wote. Halafu mikono yote ikaanguka, na Mchwa akajifunika uso kama alivyojifunika Jenereta kabla hajang'atwa.

Watoto wakalipuka. "Alikuwa anazunguka!" "Aliomba kucheza!" "Hawakumjibu!" "Alitaka kuongeza paa!"

"Ndivyo!" Jenereta akalia kwa sauti iliyopasuka. "Ndivyo, ndivyo! Niliweka polepole! Hakuna anayenisikia nikiomba polepole!"

Moja, mbili, tatu, wakainuka kwa mpigo, na Jenereta akakimbia kama mshale. Hakuwahi. Mara mlango wangu ukafunguka, Mchwa huyo ndani, akachomoa kaptula yangu kuukuu ya kazi kwenye msumari. "Babu, tunaazima!" akasema, akatoweka. Tangu siku hiyo wawili wale ukimwona mmoja, mwingine yuko nyuma, ingawa kaptula yangu haijarudi.

Nikaupiga ukuta kwa ngumi, zamu yangu safari hii. "Umeona? Amevuka!"

"Amevuka, kaka," Shangazi akajibu, na kwa kitundu nikamwona anafuta machozi. "Lakini mwalimu mkuu hataki mikono. Anataka maneno."

Nami nikaamua kuyaleta maneno. Samaki mkunje angali mbichi, si ndivyo tulivyoambiwa? Kila jioni, nikishafagia maranda, namsimamisha Mchwa mbele ya meza. Jina lako nani? Unapenda mchezo gani? Rudia. Sema kwa sauti. Tena. Mwanzoni alijibu huku anacheka. Kisha akajibu bila kucheka. Kisha akawa anajibu baada ya kungojwa, na nikazidi kumngoja, kidole nimekiinua kama mwalimu. Jioni moja nikamwuliza jina lake, akanitazama, midomo ikatetemeka kidogo, hakikutoka kitu. Nikamwambia basi, twende tukale. Hakujibu. Hakusema na nyundo, hakusema hata na paka. Mdomo wake nilikuwa nimeufunga hata ndani ya karakana. Maji yalinifika shingoni.

Kesho yake asubuhi nilisikia kitu kinaburuzwa. Mlango ukasukumwa, likaingia benchi, na nyuma ya benchi Mchwa, jasho linamtoka. Akaliweka katikati ya vumbi la mbao. Akanyoosha kidole: kaa.

Nikakaa. Mimi si mwembamba. Alipojaribu kukaa upande wake, ulikuwa juu kama tawi. Akashuka, akafikiri, akaburuza debe la misumari akalipandisha upande wake huku nimelishika benchi, akaongeza gogo la mninga, akaongeza kisanduku cha patasi. Akakaa. Benchi likatulia.

Nikakohoa. "Mimi ni Mchwa," nikasema. "Namwogopa mwalimu mkuu."

"Sivyo."

Neno! Moyo ukaruka, lakini nikajizuia. "Mimi ni Mchwa. Naona aibu."

"Sivyo."

"Mimi ni Mchwa. Sitaki shule, nataka kukaa na babu yangu."

"Sivyo!" Hilo liliniuma kidogo.

"Basi sema wewe!"

"Sheria hairuhusu," akasema. "Jaribu tena, Babu."

Nikakumbuka Shangazi anavyosema: mtazame. Nikamtazama. Nikaona macho yake hayapo machoni mwangu, yapo kwenye kidole changu, kile cha kumngojea jibu, ambacho nilikuwa nimekiinua tena bila kujua. Nikakishusha.

"Mimi ni Mchwa," nikasema. "Maneno ninayo. Lakini watu wakinitazama mdomo, wakaningoja, maneno yanakimbia. Wakizidi kungoja, yanazidi kukimbia. Na siku hizi babu yangu naye ananingoja."

"Ndivyo," akasema, na akashusha pumzi ndefu kuliko mwili wake. Kisha hakungoja hata kuambiwa. "Mimi ni Babu. Mjukuu wangu akipelekwa mbali nitabaki na paka, na paka hajui kujibu maswali."

"Ndivyo," nikasema. Vumbi la mbao likaniingia machoni, vumbi lina tabia hiyo.

Tulipoinuka, debe la misumari likamwagika sakafu nzima, na sikujali! Nilimkimbilia Shangazi na ndara moja mguuni. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho, hewa inanikatika. Akanishika mabega akanitikisa.

"Kumbe asingojwe! Kaka, asingojwe! Aanze mwalimu mkuu!" Na papo hapo, na aproni yake, akavuka barabara. Alivyomshawishi sijui. Ninachojua ni kwamba mwalimu mkuu alisema usaili una utaratibu wake, naye akamjibu kwamba utaratibu hataugusa, yeye analeta kiti tu.

Siku ya usaili nikajitwisha benchi kichwani. Shangazi akatangulia, mkono juu, akasimamisha magari kama askari wa barabarani. Nyuma yangu Mchwa, Jenereta na wenzao wote wanaokwenda darasa la kwanza, nguo safi, vifungo vyote mahali pake. Mlango wa ofisi ulikuwa mwembamba, kwa hiyo benchi likawekwa barazani. Mwalimu mkuu akaliinamia.

"Fundi, hii miguu mbona..."

"Mbao ilikuwa mbichi," nikasema.

Akakaa, nami nimeshika upande wa pili kwa nguvu zangu zote. Mchwa akapanda. Nilipolegeza mikono kidogo, upande wake ukaanza kupaa. Jenereta akarukia pembeni yake. Haitoshi. Wakarukia wengine, wanabanana, wanacheka, kila mmoja amemshika mwenzake kiunoni, mpaka benchi likaguna na kutulia. Huku mwalimu mkuu peke yake, kule nusu ya darasa lake la kwanza. Shangazi akamweleza sheria. Mwalimu mkuu akatabasamu, kwa ustaarabu, kama mtu anayeonja dawa ya kienyeji.

"Haya. Mimi ni... mimi ni nani?"

"Mchwaaa!" watoto wakaitikia.

"Mimi ni Mchwa," akasema kwa sauti ile nzito, na watoto wakavunjika mbavu kusikia pande la mtu linajiita Mchwa. Naye akacheka. Kisha akakunja uso, akatafuta. "Mimi ni mtoto mzuri. Nina adabu. Nina tatizo moja tu. Sijui kusema."

Kicheko kilikatika kama kwa msumeno. Watoto wote wakamgeukia mwalimu mkuu kwa huruma, maana alikuwa amekosea vibaya, kosa la mtoto wa miaka minne. Hakuna aliyemtazama Mchwa. Hakuna hata mmoja.

"Sivyo," ikasema sauti. "Najua."

Nilishika nguzo ya baraza. Mwalimu mkuu akageuka haraka, na Shangazi akampigia kelele kama anavyowapigia watoto: "Usimtazame mdomo, Mwalimu! Umekosa! Anza upya!"

Naye, mwenye mvi zake na funguo zake kiunoni, akatii. Akatazama viatu vyake. "Mimi ni Mchwa," akasema. "Najua kusema. Mwaka jana nilikuja hapa, mtu mkubwa akaniuliza, akanikodolea macho. Halafu..." akasita. "Halafu akaongea na babu yangu kana kwamba mimi sipo."

"Ndivyo," akasema Mchwa. Na sasa alikuwa amewaka, miguu inaning'inia, Jenereta amemkumbatia kiuno. "Mimi ni mwalimu mkuu. Nina watoto wengi, na kila darasa lina mwalimu mmoja. Nikimchukua asiyejibu, wenzake watamcheka, na mimi nitakuwa ofisini, sitakuwepo kumtetea." Akafikiri kidogo, kisha akaongeza kitu ambacho mwaka jana hakikusemwa. "Na usiku namkumbuka."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Ndivyo," akasema.

Kisha, kwa sababu utaratibu ni utaratibu, akauliza huku bado anatazama viatu vyake: "Na jina lako?" Mchwa akalitaja lote, lile la cheti, na langu likafuata nyuma yake. Nililisikia jina langu barazani kwa sauti yake na nikalia waziwazi, na safari hii hapakuwa na vumbi. Shangazi alikuwa tayari anapiga vigelegele.

Mwalimu mkuu akaweka mikono magotini ili ainuke.

"Mwalimu!" Mchwa akamkemea. "Usiinuke peke yako, utatuangusha."

Akarudi kukaa mara moja. Moja, wakahesabu wote. Mbili. Sauti yake nilikuwa naisikia ndani ya zote. Tatu!

Siku shule ilipofunguliwa nilisimama mlangoni pa karakana nikiwatazama wanavuka, Mchwa na Jenereta, mikoba inawazidi migongo. Barabara ilikuwa imejaa wazazi, baiskeli, muuza mkaa na wateja wake. Katikati ya watu wote hao Mchwa akasimama, akageuka, akaweka viganja mdomoni.

"Babuuu! Umevaa ndara ya Shangazi!"

Mtaa mzima ukageuka ukanitazama miguu. Ni kweli: mmoja una ndara yangu, mwingine una ya dada yangu, ya waridi. Kisha macho yote yakapanda kwenye mdomo wangu, wakangoja niseme nini. Niliufungua. Maneno yote yalikuwa yamekimbia. Basi nikainua ule mguu wa waridi juu, nikautikisa, na kicheko chake nikakisikia mpaka alipoingia langoni mwa shule.